Gari la Vipande: Colin Chapman, Kodi ya Waingereza na Mpaka wa Ujanja

Wiki tatu zilizopita, mwishoni mwa semina yangu ya historia ya dola na uchumi, mwanafunzi mmoja wa shahada ya umahiri aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Yeye ni mtumishi wa umma. Mchana hukagua nyaraka za mizigo bandarini, jioni huja darasani akiwa na macho mekundu kwa uchovu. Aliuliza: "Dokta, mtu anayeisoma sheria ya kodi kwa makini kuliko aliyeiandika, akauona mwanya, akapita, tumwite mwerevu au tumwite mwizi?" Nilimpa jibu la vitabuni, kwamba kukwepa kodi ni kosa na kupanga mambo yako ili kodi ipungue si kosa. Alinitazama kama mtu aliyeomba chai akapewa maji ya moto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu lililo bora zaidi, na nimejikuta nikirudi kwenye gari dogo la Kiingereza ambalo nimewahi kulipanda mara moja tu maishani. Naomba msomaji anivumilie, maana nitaanzia gerejini kabla ya kufika kwenye kodi.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu mjini Norwich, mashariki mwa Uingereza, jirani yangu alikuwa mstaafu wa shirika la reli. Nilimwita Mzee, naye kwa muda mrefu alidhani nimempa jina la utani. Gerejini mwake alikuwa na gari aina ya Caterham Seven alilokuwa ameliunganisha kwa mikono yake kwa muda wa majira mawili ya baridi. Ni gari la ajabu kwa macho ya mtu aliyezoea mabasi na pikapu. Halina paa la kudumu, kiti kiko karibu kabisa na ardhi, na ukinyoosha mkono nje unaweza kuigusa lami. Bodi yake ni bati jepesi la alumini lililofungwa juu ya fremu ya mabomba membamba ya chuma. Siku za kawaida Mzee alilitumia kwenda kununua mkate. Mara mbili au tatu kwa mwaka alilipeleka Snetterton, uwanja wa mbio za magari ulio mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, katika siku ambazo uwanja hufunguliwa kwa watu wa kawaida wenye magari yao.

Siku hizo si za mashindano. Hapana mshindi, muda haupimwi, na humpiti mwenzako mpaka akupe ishara ya kukuruhusu. Mtu analipa ada, anasikiliza maelezo ya usalama, anavaa kofia ngumu, kisha anaruhusiwa kuliendesha gari lake kwa kasi ambayo barabarani ingemfikisha mahakamani. Jioni anaingia katika gari lilelile na kurudi nalo nyumbani, akisimama kwenye taa nyekundu kama watu wengine. Hiyo safari ya kurudi ndiyo iliyonivutia. Gari la mashindano halisi hubebwa juu ya trela. Gari la Mzee lilipaswa kutii sheria mbili kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo kila badiliko alilolifanya lilikuwa mapatano kati ya mabwana wawili. Springi ngumu na shokapu zilizokazwa hulifanya gari litulie kwenye kona, lakini katika barabara ya kijijini yenye mabaka hulirusharusha hadi tairi ziache kushika lami. Pedi za breki zilizotengenezwa kwa ajili ya uwanja hufanya kazi vizuri zikiwa zimepata moto. Asubuhi ya baridi, mtoto akikatiza barabara ghafla, hazishiki upesi na hupiga kelele. Tairi laini zinazong'ang'ania lami kavu huwa hatari mvua inaponyesha. Katika kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa bakuli lililo chini ya injini, pampu ikanyonya hewa badala ya oili, na injini inaweza kufa kwa sekunde chache. Mzee alikuwa ameweka vizuizi ndani ya bakuli hilo ili oili ibaki mahali pake. Bomba la moshi lilipaswa kuwa wazi kiasi cha kuipumzisha injini, lakini lisizidi kiwango cha kelele, kwani kwenye lango la uwanja hupimwa kwa kifaa na anayezidi anarudishwa. Nyuma ya viti palikuwa na nguzo ya chuma ya kulinda vichwa gari likipinduka. Usiku wa kuamkia siku ya uwanja alibadilisha pedi na kuweka mafuta mapya ya breki, kwa kuwa mafuta ya zamani huwa yamefyonza unyevu na huchemka mapema.

Juu ya rafu palikuwa na faili la kijani. Ndani yake aliweka risiti za kila kifaa na nakala ya kila barua aliyoiandikia kampuni yake ya bima kuieleza alichobadilisha. Bima ya kawaida haikumhudumia akiwa uwanjani. Kwa siku hizo alinunua nyingine. Mzee aliniambia kwamba gari hili lina injini, lina breki, na lina faili, na kwamba kati ya hivyo vitatu alichokuwa akikiogopa kupoteza ni faili. Nilicheka. Miaka mingi baadaye niliacha kucheka, kama nitakavyoeleza.

Sasa turudi mwaka 1947. Uingereza ilikuwa imeshinda vita na kufilisika. Serikali ya chama cha Leba, iliyokuwa ikihangaika kuokoa dola, ilifuta mgao wa petroli kwa matumizi ya starehe, na bei ya magari yaliyotumika ikaporomoka. Kijana mmoja mwanafunzi wa uhandisi katika University College London, Colin Chapman, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa akijipatia fedha za matumizi kwa kununua na kuuza magari ya aina hiyo. Aliuza yote kwa hasara, akabakiwa na moja lisilopata mnunuzi: Austin Seven ya zamani. Austin Seven ndilo lililokuwa gari la mtu mwenye kipato kidogo tangu mwaka 1922 hadi 1939, likiwa na injini ya ujazo wa sentimeta 747 tu. Chapman alilivua mwili katika gereji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, huko Muswell Hill, kaskazini mwa London, akalivika bodi jepesi, na mwaka 1948 akawa analipeleka kwenye mashindano ya kupanda vilima vya matope. Alikwenda nalo, akashindana nalo, akarudi nalo. Hakuwa na fedha za kumiliki magari mawili, na nadhani hapo ndipo ilipo asili ya kweli ya gari la namna hii, ingawa leo wanunuzi wake wengi ni watu wenye uwezo mzuri.

Viwanja vyenyewe vilikuwa mabaki ya vita. Serikali ilikuwa imejenga viwanja vingi vya ndege za kivita mashariki na kusini mwa nchi. Amani iliporudi, barabara zilizozunguka viwanja hivyo zilibaki bila kazi. Silverstone ni mfano maarufu, na Snetterton ya Mzee ni ndugu yake. Hata kiwanda cha Lotus, kampuni aliyoianzisha Chapman, kilihamia Hethel karibu na Norwich mwaka 1966, kwenye uwanja uliokuwa wa ndege za kivita, na njia zake za kurukia zikawa mahali pa kujaribia magari. Anayesema kwamba michezo haihusiani na dola atafute kwanza nani alilipia lami.

Chapman alionesha tabia yake mapema. Klabu ya wapenzi wa Austin Seven, 750 Motor Club, iliendesha mashindano ya watu wasio na fedha nyingi, kwa kanuni zilizokusudiwa kuzuia gharama. Katika injini ya Austin silinda nne zilipokea mchanganyiko wa hewa na petroli kupitia matundu mawili tu, kila jozi ya silinda ikishirikiana tundu moja na kunyang'anyana pumzi. Kwa msimu wa mwaka 1951 Chapman aliligawa kila tundu kwa kizuizi, kila silinda ikapata njia yake. Kanuni hazikuwa zimekataza jambo hilo kwa sababu hakuna aliyekuwa amelifikiria. Aliwaacha wenzake nyuma kwa namna ya kuwaaibisha, na baadaye klabu ikalipiga marufuku. Hakuadhibiwa yeye, kanuni ndiyo iliyorekebishwa. Kama mtu anataka kuona mwanya wa sheria ukiwa bado mtoto mchanga, nadhani huo ni mfano mzuri: walioumia walikuwa marafiki wachache waliokosa vikombe.

Kodi ilikuwa jambo kubwa zaidi. Mwaka 1940, katikati ya vita, Uingereza ilianzisha kodi ya manunuzi ili kuwazuia raia wasinunue vitu vya anasa na kuacha mali na viwanda vitumike kwa vita. Vita viliisha, kodi ikabaki, kama kodi nyingi za dharura zinavyofanya. Katikati ya miaka ya 1950 gari jipya lilitozwa asilimia 60 ya bei yake ya jumla. Lakini kodi hiyo ililenga gari zima. Mtu aliyenunua vipande na kuviunganisha mwenyewe nyumbani hakuwa amenunua gari. Alikuwa amenunua mabomba, bati, injini na boksi la bolti.

Lotus Engineering ilianzishwa mwaka 1952, na Hazel alichangia mkopo wa pauni 25. Tangu mwanzo ilikuwa ikiuza magari kwa vipande. Mwaka 1957 ikaja Lotus Seven, gari ambalo la Mzee ni mjukuu wake wa moja kwa moja. Injini ya kwanza ilikuwa ya Ford, ya kizamani, yenye nguvu za farasi 40 hivi, lakini gari lenyewe lilikuwa jepesi kiasi kwamba 40 zilitosha kuyaaibisha magari ya bei kubwa. Likiwa zima na kodi yake liligharimu pauni 1,036. Kwa vipande lilikuwa pauni 536. Sharti lilikuwa kwamba mnunuzi aliunganishe mwenyewe na asipewe maelekezo ya kuunganisha. Wapenzi wa Lotus husimulia kwa furaha kwamba Chapman aliwapa wateja maelekezo ya namna ya kulifungua gari lililokwisha kuunganishwa, akawashauri wayasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Iwe ndivyo ilivyokuwa au imetiwa chumvi, hadithi hiyo inatueleza jinsi watu wa wakati ule walivyoiona kodi ile: si kama wajibu, bali kama fumbo lililowekwa ili liteguliwe.

Je, nani alifaidi? Hapa sipendi kuungana na wanaomtukuza Chapman kama shujaa wa wanyonge dhidi ya mtoza kodi. Aliyeweza kutumia mwanya ule alikuwa na gereji, vifaa, muda wa jioni, na zaidi ya pauni 500. Mfanyakazi wa kiwandani mwenye watoto wanne, aliyehitaji gari la kawaida la kuwapeleka kanisani, aliilipa kodi yote. Upande wa pili, siwezi kukana kwamba gereji zile zilikuwa chuo. Mike Costin na Keith Duckworth, waliofanya kazi Lotus, walianzisha Cosworth mwaka 1958, na injini zao zilikuja kutawala mbio za dunia. Lotus yenyewe ilitwaa ubingwa wa watengenezaji wa Formula One mara saba. Na serikali ilijua. Maofisa wa kodi hawakuwa vipofu. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1973 Lotus Seven iliuzwa hadharani kwa vipande, matangazo yakiwa magazetini. Mwanya unaojulikana na kuachwa kwa miaka 16 si usahaulifu tena. Kuna mtu mahali fulani ameamua kuuacha, hata kama hakuweka saini.

Mwanafunzi wangu wa forodha analijua hili kuliko mimi. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa miaka mingi gari zima kutoka nje limetozwa asilimia 25, ilhali vipande vya gari lisilounganishwa, vikiletwa na kiwanda cha kuunganishia, vimeingia bila ushuru huo. Sisi tuliuandika mlango huo kwa makusudi. Ndio ulioziweka hai karakana za Thika na Mombasa, na hapo zamani, kwa sera za wakati wake, tulikuwa na TAMCO ya Kibaha iliyounganisha malori ya Scania. Waingereza waliacha mwanya ukazaa ufundi. Sisi tulitunga sera ya kuzaa ufundi na mara nyingine tukapata ukungu wa kukaza bolti. Afrika Kusini, kwa mfano, tangu miaka ya 1980 kuna kampuni ya Birkin inayotengeneza magari ya umbo la Lotus Seven na kuyauza nje. Sisemi kwamba tunahitaji magari ya kuchezea. Nasema kwamba fundi anayeweza kutengeneza fremu ile anaweza kutengeneza mengi.

Mwanya ulifungwa tarehe 1 Aprili 1973, Uingereza ilipoiondoa kodi ya manunuzi na kuleta kodi ya ongezeko la thamani. Kodi mpya ilishika vipande na gari zima bila kubagua. Mwaka huohuo Lotus, iliyokuwa ikitaka kuwa kampuni ya magari ya kifahari, iliuza haki za Seven kwa wakala wake, Caterham Cars ya Graham Nearn. Kwa hesabu ya karatasi gari lile lilipaswa kufa, maana sababu yake ya kikodi ilikuwa imekwisha. Halikufa. Watu waliendelea kununua maboksi na kujifungia gerejini kwa miezi, sasa bila ule mwanya wa kodi ya manunuzi. Mwaka 1995 Caterham walianzisha mashindano ya watu wasiowahi kushindana, ambapo kila mmoja hujenga gari lake, hulisajili kwa matumizi ya barabarani, kisha hushindana nalo. Dola nayo ilibadili swali. Mwaka 1998 Uingereza ilileta ukaguzi maalumu kwa magari yanayojengwa moja moja na watu binafsi: taa, breki, mikanda, ncha kali, moshi. Swali halikuwa tena umelipa kiasi gani, bali gari hili litamuua nani.

Nikirudi kwa Chapman, ningependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Mwaka 1978 Lotus ilipewa kazi ya kulisanifu upya gari la DeLorean, lililokuwa likijengwa Dunmurry karibu na Belfast kwa takriban pauni milioni 80 za serikali ya Uingereza. Mji ulikuwa katikati ya mapigano, ajira hakuna, na serikali iliona kiwanda kama tiba ya amani. Ndani ya mikataba ile, dola milioni 17.65 zilipitia kampuni iliyosajiliwa Panama na kuendeshwa kutoka Geneva, wala hazikufanya kazi ya kutengeneza gari. Kiwanda kiliwekwa chini ya wafilisi mwaka 1982, na zaidi ya wafanyakazi 2,000 wakapoteza kazi. Chapman alifariki kwa mshtuko wa moyo mwezi Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 54, kabla ya kuulizwa lolote mahakamani. Mhasibu wake mkuu, Fred Bushell, alikiri kosa la kula njama ya kulaghai mwaka 1992, akafungwa miaka mitatu. Jaji alisema wazi kwamba kama Chapman angekuwa kizimbani angepata kifungo kisichopungua miaka 10.

Mtu yuleyule, basi: tundu la injini mwaka 1951, boksi la vipande mwaka 1957, kampuni ya Panama mwishoni mwa miaka ya 1970. Siamini kwamba la kwanza lilimlazimisha kufika la tatu. Wako maelfu waliounganisha Seven na hawakuiba shilingi. Lakini tofauti kati ya matukio hayo haiko katika werevu, kwa sababu werevu ni uleule. Kanuni ya klabu alikuja kuivunja mbele ya macho ya wote, kila mtu akaona injini. Vipande aliviuza kwa tangazo gazetini. Fedha za Belfast zilipita mahali ambapo hakuna aliyetakiwa kuona. Hilo ndilo jibu ninaloweza kumpa mwanafunzi wangu kwa sasa, nalo najua halijakamilika, kwa kuwa mezani kwake yeye kuna mambo mengi yanayofanyika hadharani na bado yananuka.

Nimesema kwamba niliacha kulicheka faili la Mzee. Mdogo wangu ana gari lenye injini kubwa kuliko lile lililotoka nalo kiwandani. Fundi wake wa Gerezani, mtu stadi kweli, alimfungia injini iliyotoka katika gari lililokatwa nusu ng'ambo na kuingizwa nchini kama vipuri. Alibadilisha pia springi na bomba la moshi, na kwa miaka miwili gari lilimpendeza. Kisha aligongwa na lori akiwa amesimama, kosa likiwa la lori waziwazi. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Alipoidai kampuni ya bima yake mwenyewe ilipie gari, mkaguzi alifungua boneti, akalinganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari, akafunga boneti. Madai yalikataliwa kwa barua ya aya tatu.

Nilikwenda naye kuzungumza nao. Nilikuwa na shahada tatu na hasira nyingi, na yule dada wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamuuliza mdogo wangu: "Kaka, ulimwambia nani kwamba umebadilisha?" Mdogo wangu alinitazama mimi. Kwa kweli alikuwa ameniambia mimi. Nilikuwa nimeisifu sauti ya injini.

Sasa anatembea vizuri. Injini mpya imeandikwa kwenye kadi, na juu ya kabati lake la vyombo kuna faili, la bluu.